Slade: anza na Sladest, ila kuna kibao kimoja hutakikuta humo

Mkuu mleta mada, umeuliza katika mikusanyiko yote ya nyimbo za Slade, ile bendi ya roki ya Kiingereza ya miaka ya sabini, iliyojaa sokoni uanze na upi, na kama ule wa 1973, Sladest, bado unafaa. Mimi naishi Wolverhampton, kwao kabisa, mwaka wa kumi na moja sasa, na nimeshapigwa kwa hili.

Gulioni niliokota CD ya pauni mbili. Jaladani yupo mwimbaji wao Noddy Holder na ile kofia yake ya vioo. Kufika nyumbani, wimbo wa kwanza tu nikajua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia: anayeimba si Holder. Sauti yake huwezi kuikosea, ni ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara ya malori na akaitikiwa. Holder na Jim Lea walitoka kundini 1992, Dave Hill na Don Powell wakaendelea na watu wengine. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, geuza kasha usome yale maandishi madogo kama rekodi ni za awali au zimerudiwa.

Sasa Sladest. Ilitoka Septemba 1973, nyimbo 14, ikashika namba moja Uingereza. Nakushauri uanze nayo kwa sababu ilikusanywa moto ukiwa bado unawaka. Zimo namba moja zao zote za hadi siku ile: Coz I Luv You, Take Me Bak 'Ome, Mama Weer All Crazee Now, Cum On Feel the Noize na Skweeze Me Pleeze Me. Hizo mbili za mwisho ziliingia chati moja kwa moja kwenye namba moja, wiki ya kwanza tu. Sikiliza Coz I Luv You kwa spika nzuri, si kwa simu. Chini kuna miguu inakanyaga sakafu, juu yake violini ya Lea inakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Sijui bendi nyingine ya enzi zile za viatu vya soli nene ambayo ingethubutu.

Na hizo tahajia msizicheke, wakuu. Nilipofika hapa Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na msimamizi wetu wa zamu ghalani nilikuwa simwelewi hata nusu. Siku nilipoona "Bak 'Ome" imeandikwa nikashtuka: ndivyo mzee yule anavyosema! Sisi Waswahili tunaandika tunavyotamka, nao wakaamua kukifanyia Kiingereza chao vivyo hivyo. Ila usiige. Niliandika "coz" kwenye insha ya masomo ya jioni, mwalimu akaizungushia wino mwekundu.

Usiruke Pouk Hill. Haikuwa kibao, ni kumbukumbu ya kupigwa picha kilimani karibu na Walsall, vifua wazi, baridi inauma. Nimepita huko mwezi wa pili nikiwa na koti mbili, nikawahurumia.

Sasa kasoro yake. Merry Xmas Everybody haimo, maana ilitoka Desemba 1973, Sladest ikiwa tayari madukani. Julai ya mwaka huohuo Powell, mpiga drams, alipata ajali ya gari. Mchumba wake alifariki, yeye akazimia siku kadhaa, na alipozinduka kumbukumbu ilikuwa imeharibika hadi akawa anakumbushwa nyimbo zao wenyewe. Wimbo wa Krismasi waliurekodi baada ya hapo, New York, kwenye joto la kiangazi. Nikijua hayo, zile drams zake nyepesi nazisikia tofauti.

Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya pili, ongeza Cum On Feel the Hitz ya 2020, CD mbili. Humo utaupata wimbo huo, Far Far Away ya 1974 (kwangu mimi ndio wimbo wao mzuri kuliko yote, tubishane tu) na My Oh My ya 1983. CD ya pili ina sehemu za kuruka, sikufichi.

Ghalani kwetu Krismasi huanza Novemba. Ukifika ule ukelele wa Holder mwishoni mwa Merry Xmas Everybody, mzee wa zamu husimamisha folklifti katikati ya njia, anapiga kelele naye hadi pumzi imwishie, halafu anatuuliza kwa nini hatufanyi kazi.