Ndoo ya koki pale mlangoni

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, bado unaamini kwamba Mungu ndiye anayeyashika mataifa wakati wa majanga?", nilidhani nitalijibu kwa neno moja: ndiyo. Nimelelewa usharikani, naimba sauti ya pili kwaya kuu, ningejibu nini kingine? Lakini tangu jana usiku naandika na kufuta. Kila nikiandika "ndiyo" naiona ile ndoo.

Aprili 2020. Shule zimefungwa mwezi mzima, makanisa na misikiti iko wazi. Hayati Rais Magufuli alikuwa ameshatuambia mwezi Machi, akiwa kanisani Dodoma, kwamba korona ni shetani, haiwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Sasa akatangaza siku tatu za kuliombea taifa, tarehe 17 hadi 19. Sikuona ubaya, na mpaka leo siuoni. Nchi nzima kuomba kwa pamoja, Waislamu na Wakristo, si jambo dogo.

Jumapili ile ya tarehe 19 zamu ya mlangoni ilikuwa yangu. Tulikuwa na ndoo moja ya lita 20 yenye koki, juu ya stuli, beseni chini, sabuni ya maji kwenye chupa iliyotobolewa kizibo kwa msumari. Msimamizi wake ni mzee wa kanisa mmoja, tabibu mstaafu wa zahanati, mtu wa maneno machache. Akaja kijana, suti ya bluu, Biblia kwapani. "Shikamoo mzee. Mimi nimeshaoshwa kwa damu ya Yesu." Nyuma yake wakaitikia amina. Mzee hakubishana naye. Aliitikia marahaba, akafungua koki, akaacha maji yamwagike huku anamtazama. Foleni imesimama, maji yanakwenda, kijana anayaangalia maji, mzee anamwangalia kijana. Mwishowe akanyoosha vidole, akalowesha ncha tu.

"Na viganja, mwanangu."

Akanawa. Ila ndoo ndiyo ikaishia hapo, na bomba la kanisa lilikuwa kavu tangu Ijumaa. Nikavuka barabara na kitenge changu cha kwaya kwenda kwa mama ntilie, nikanunua madumu mawili, nikarudi nimelowa mpaka magoti. Mahubiri yalikuwa yamekwisha. Nasikia yalitoka Zaburi ya 46 na watu walilia. Siku ya kuliombea taifa mimi nilibeba maji.

Mwanzoni mwa Mei takwimu zikasimama kwenye wagonjwa 509. Juni tukatangaziwa kwamba Mungu ameiondoa korona, na ndoo ikaingia stoo. Mzee aliuliza kikaoni kama haiwezi kurudi mlangoni. Akajibiwa, kwa upole kabisa, kwamba asiwatie watu hofu, Bwana ameshatenda. Nilikuwepo. Nilisema amina.

Februari 2021 tulimzika. Tangazo lilisema "changamoto ya upumuaji". Hakupimwa, kwa hiyo siwezi kusema zaidi, na wala sisemi ndoo ingemwokoa.

Nilipoanza kuandika nilitaka kumtetea Mungu, na nikiangalia nilichoandika naona aliyehitaji kutetewa alikuwa mzee, siku ile kikaoni. Tulilitumia jina la Mungu kufungia ajenda ili tuwahi chai. Hapo nilikaribia kabisa kuwaandikia "hapana".

Lakini yule mzee ndiye aliyekuwa akifungua kanisa saa kumi na moja alfajiri kuombea nchi, miaka na miaka, korona haijajulikana. Angesikia nimewajibu "hapana" angenitazama kama alivyomtazama yule kijana. Mwaka 2021 chanjo zilipokuja, baada ya Rais Samia kuchanjwa Julai 28, nilipanga foleni na nikaomba foleni nzima, maana sindano naiogopa. Hakuna aliyeniuliza ninamtegemea nani.

Basi nihesabuni upande wa "ndiyo". Ila "ndiyo" ikitoka kwa mwenye ufunguo wa stoo, mimi nitauliza kwanza ndoo iko wapi. (Ipo. Koki imekatika, wameweka maua ya plastiki.) Na jina langu naomba msiliandike, kikao kina wajumbe walewale.