Selimundu: Acheni Kutafuta cha Kuongeza Damu

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, ale nini ili damu yake iongezeke? Nitalijibu mara moja, kwa urefu, na ninaomba lisirudi likiwa limebadilishwa nguo.

Swali: Mwanangu ana miaka sita na kila tukimpima damu yake ni kidogo. Nimpe juisi ya bitiruti au dawa ya chuma?

Jibu: Damu ya mwanao haipungui kwa kukosa chuma, bali kwa sababu seli zake nyekundu, zikishapinda umbo la mundu, huvunjika mapema. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi. Yake huishi siku 10 hadi 20, na uboho wa mifupa, hata ukifanya kazi usiku na mchana, haufikii kasi hiyo. Sehemu kubwa ya chuma kilichokuwa ndani ya seli hizo hubaki mwilini na kutumika tena. Zaidi ya hayo, kila chupa ya damu anayoongezewa mtu mzima huingiza takriban miligramu 200 hadi 250 za chuma, ilhali mwili hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku. Kinachozidi hujilimbikiza kwenye ini na moyo. Wapo wagonjwa wanaopungukiwa chuma kweli, lakini hilo huamuliwa na maabara, wala si jirani aliyetazama viganja vya mtoto. Bitiruti ni chakula tu, na wekundu wake si damu. Anachohitaji mtoto ni asidi ya foliki kwa dozi aliyopangiwa kliniki, pamoja na mlo wa kawaida wenye mboga za majani, maharage, matunda, mayai, samaki au nyama, tena wa kushiba, kwa kuwa kutengeneza damu kwa haraka hula nguvu nyingi. Fahamu pia kiwango chake cha damu siku asizoumwa: wengi wenye SS, yaani waliorithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili, hukaa kati ya gramu 6 na 9 za hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) kwa desilita, na cha kukutisha ni kushuka ghafla chini ya kiwango alichokizoea.

Swali: Ninywe maji kiasi gani?

Jibu: Mtu mzima alenge lita tatu kwa siku, na azidishe wakati wa joto, homa au kuharisha, isipokuwa daktari amempangia vingine. Usingoje kiu. Figo za mwenye selimundu hushindwa kubana maji, ndiyo maana hukojoa mara nyingi. Mzazi anayemchapa mtoto huyu kwa kukojoa kitandani anamwadhibu kwa ugonjwa wake.

Swali: Pombe kidogo je?

Jibu: Hapana, hukausha mwili; na kuhusu sigara nisiulizwe.

Swali: Mume wangu anatumia haidroksiyurea na hajapata maumivu kwa miezi minane. Sasa anataka kuiacha ahamie dawa ya mitishamba aliyouziwa.

Jibu: Maumivu yametulia kwa sababu anameza dawa, naye anataka kuitupa kwa kosa la kumsaidia! Dawa hiyo huongeza hemoglobini ya utotoni, ile anayozaliwa nayo mtoto, ambayo huzuia seli zisipinde, na faida yake hudumu kwa kadiri inavyotumiwa. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na mkipanga kupata mtoto, mzungumze na daktari kwanza. Mchanganyiko usiojulikana viambato vyake ni hatari kwa figo na ini, na hata vidonge vya ibuprofeni visimezwe kiholela.

Swali: Ninaweza kufanya mazoezi na kuogelea?

Jibu: Fanya, lakini pumzika kabla hujachoka kabisa. Maji ya baridi hubana mishipa na huweza kuamsha maumivu, kwa hiyo jikaushe na uvae mara tu utokapo. Panapouma pakandwe kwa joto, kamwe si kwa barafu.

Swali: Nina AS. Nile nini nisije nikawa SS?

Jibu: AS, yaani aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, hageuki kuwa SS, na nimekwisha kulisema hili mara nyingi. Badala ya kuhangaikia sahani, mwulize mchumba wako amepima. Mkiwa wote AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta SS; si kwamba katika watoto wanne ni mmoja tu atakayekuwa nayo.

Swali: Mtoto mwenye selimundu akipata homa usiku, nimpe parasetamoli tusubiri asubuhi?

Jibu: Msisubiri. Bandama yake, inayopaswa kuchuja vijidudu, huharibika tangu utotoni, na maambukizi ya damu huweza kumwua kwa saa chache. Ndiyo sababu hupewa penisilini kila siku angalau hadi afike miaka mitano, pamoja na chanjo zote. Joto likifika nyuzi 38.5, ondokeni usiku huo huo. Pia mwombe muuguzi akufundishe kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto, kwa sababu ikivimba ghafla huku mtoto akipauka, safari ya hospitali ni ile ile, hata kama hana homa.