Maswali yenu: patenti, hakimiliki na hawa jamaa wanaotunga kanuni za intaneti

Wadau, mambo vipi. Safari iliyopita nilikuwa naongelea imeli feki, zile zinazokuja kwa jina la benki kumbe katuma mtu yuko gheto kwake, nikasema kwa kupita tu kwamba mwaka 2004 IETF, hao jamaa wanaotunga kanuni za intaneti, walikaa kutafuta njia ya kuzitambua, Microsoft wakaleta ya kwao inaitwa Sender ID, ila ndani yake kuna patenti (haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia ulichobuni bila ruhusa yako), na leseni yake watu wa programu huria kama Apache na Debian wakasema hii hatuiwezi, mwezi wa tisa kikundi kikafungwa mikono mitupu. Basi sentensi hiyo moja ndo mmeing'ang'ania. Maswali ya patenti yamejaa, la imeli feki hamna hata moja. Haya twende.

Mkuu, hiyo IETF ni ya nani? Na mtu anapataje patenti ya kitu ambacho dunia nzima inatumia? (Msomaji, Mwanza)

Sio ya mtu. Ni mainjinia wanaoandika nyaraka zinazoitwa RFC, zinazosema kompyuta zinaongeaje: imeli isafirije, kurasa za wavuti zifunguke vipi, na kadhalika. Walikutana mara ya kwanza Januari 1986 kule San Diego wakiwa watu 21 tu, hata daladala wasingeijaza. Mpaka leo haina wanachama. Hakuna kadi wala ada ya uanachama, unajiunga na orodha ya imeli ya kikundi unaanza kubishana. Hilo la kutokuwa na wanachama lishike, tutalirudia huko mbele.

Sasa patenti (vitabuni wanaita hataza) haiombwi wakati kitu kishaenea, inaombwa mapema. Mtu anabuni njia, anaiombea patenti kimyakimya, afu anakuja kikaoni anasema jamani mi naona tufanye hivi, wenzake wanaona wazo zuri, linaandikwa, linakuwa kiwango, kila router inayotoka kiwandani inalifuata. Miaka mitano baadaye ndo anatoa karatasi mfukoni. Hapo huwezi tena kurudi nyuma, vifaa vishauzwa, unalipa mrabaha huku unasonya.

Si wangepiga patenti marufuku tu mambo yaishe? (Msomaji, Nairobi)

Hili swali nalipenda manake walijaribu kitu kinachofanana na hicho kikawatokea puani.

Kanuni za Machi 1994, RFC 1602, zilisema kitu chenye patenti kisisonge mbele mpaka mwenyewe aandike barua kwamba atampa leseni kila mtu kwa masharti ya haki. Kwenye karatasi inapendeza. Ila ukiangalia vizuri umemkabidhi mwenye patenti ufunguo wa geti, manake asipojibu barua, au akijibu nusunusu, kazi ya watu wote inasimama. Na ilisimama kweli. Kulikuwa na protokali mbili za PPP, yaani ile njia ya kuunganisha kompyuta mbili kwa laini ya simu, ya enzi za modemu zinapiga simu huku zinalia kama jogoo kakabwa koo, moja ya kubana data na nyingine ya kuificha kwa siri, zikakwama kwa sababu ya patenti mpaka Februari 1996 wakaandika RFC 1915 ambayo kazi yake nzima ni kuruhusu kuruka kanuni yao wenyewe. Ukiona mpaka umeandika waraka rasmi wa kukwepa sheria yako, ujue sheria ndo mbovu.

Oktoba mwaka huohuo ikaja RFC 2026 iliyoandaliwa na Scott Bradner, na hapa ndo waligeuza meza. Badala ya kukwambia "toa leseni kwanza", wakakwambia "sema". Una patenti inayogusa hiki tunachojenga? Itangaze, mapema, mbele za watu, afu kikundi kitaamua chenyewe kama kinaendelea nayo, kinaikwepa au kinatafuta njia nyingine. Marekebisho yote ya patenti yaliyofuata, na yamekuja mengi, kimsingi yanabishania tu nani aseme, aseme lini, na akikaa kimya inakuwaje.

Wenzao wa W3C, wale wanaotunga viwango vya kurasa za wavuti kama CSS, wakaenda njia nyingine. Mwaka 2001 walitoa rasimu iliyoacha mlango wazi kwa viwango vya kulipia, watu wakawaka, na Februari 2004 wakapitisha sera ya leseni bila mrabaha. Wao wanaweza, manake wana wanachama, makampuni yaliyosaini na kulipa ada, so kuna wa kumbana. IETF utambana nani wakati waliomo ndani wanahesabika kama watu binafsi hata kama nauli kalipa bosi?

Zamani nilikuwa naona W3C ndo wamepatia, siku hizi sina uhakika hivyo. Chukua zile voice note za WhatsApp, sauti inabanwa kwa kodeki inaitwa Opus, RFC 6716 ya Septemba 2012. Wakati inatengenezwa makampuni kadhaa yalitangaza patenti, wengine wakasema chukueni bure, wengine hawakusema hivyo. Kikundi kikatazama, kikapima, kikaendelea. Chini ya kanuni za 1994 nadhani tungekuwa bado tunasubiri barua. Ila kuna eneo moja hawachezi nalo: teknolojia ya usalama ambayo ni lazima kila mtu aiweke, hiyo isiwe na patenti inayojulikana au leseni iwe ya bure, labda kuwe na sababu nzito sana.

Kaka mi ni developa, nimejiunga na kikundi kimoja cha IETF, nimechangia imeli mbili tatu. Kazini kwetu wana patenti kibao. Nitafungwa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hufungwi, tulia.

Kanuni ya sasa ni RFC 8179 ya Mei 2017. Inasema unatakiwa kutangaza ile patenti unayoijua wewe mwenyewe, kichwani kwako, ambayo ni yako au ya mwajiri wako au anayekudhamini. Hulazimishwi kwenda kufukua makabati ya kampuni. Ila unachokijua unakijua, huwezi kusema hukijui, na hata ombi la patenti ambalo halijachapishwa linahesabika.

Mchango nao sio drafti (rasimu ya RFC) peke yake. Imeli mbili tatu hizo ni mchango, na ukisimama kwenye maiki ukaongea sekunde 20 huo pia ni mchango. Kila kikao kinafunguliwa na slaidi inaitwa Note Well inayokukumbusha hayo, na mara ya kwanza nilipoingia kwa njia ya mtandao ile slaidi ilikaa kama sekunde kumi huku nusu ya watu bado wanahangaika na headphone, hapo ndo ushaonywa rasmi.

Kitu ambacho 8179 ilikiweka sawa, na kabla yake kilikuwa na ukungu, ni maana ya kushiriki. Ulikuwa na mtu anasema aah mi sikuchangia, nilikuwepo tu. Sasa ukifanya chochote kwa nia ya kusukuma mjadala uende huku au kule, umeshiriki. Na kama we ni mwenyekiti wa kikundi unahesabika umeshiriki kwenye kazi zote za kikundi hicho, hata siku ulizokaa kimya.

Kama bosi amekukataza kutangaza, jibu lao ni fupi, basi usichangie. Kaa pembeni kwenye hiyo mada, nyingine endelea. Kwa hiyo ongea na mwanasheria wa hapo ofisini kabla ya imeli ya nne.

Tundu lipo wazi na kila mtu analiona. Kampuni kubwa yenye patenti elfu inaweza kumtuma kijana asiyejua hata moja, akachangia kwa moyo safi kabisa, hajavunja kitu. Wameshalijadili hilo, lakini ukiibana kampuni kubwa ipekue patenti zake zote kila injinia wake akifungua mdomo, wataacha kuja, na bila wao vyumba vitabaki vitupu. So wamelala nalo. Mi silipendi ila na mimi sina dawa yake.

Kanuni zenyewe zinabadilishwa kwa kura? (Msomaji, Arusha)

Hawapigi kura! Kuna maneno ya mwenzao mmoja, injinia David Clark, ya 1992 wanayapenda mpaka wanayavaa kwenye tisheti, kwamba hawataki wafalme wala marais wala kura, wanachoamini ni makubaliano ya jumla na programu inayofanya kazi. Kikaoni mwenyekiti anaweza kusema wanaokubali wavumishe, watu wanafunga midomo wanavuma mmmmm, afu wanaokataa nao mmmmm, anasikiliza upande gani umevuma zaidi. Mtu wa nje anaweza kudhani kaingia mazoezi ya kwaya.

Kanuni za patenti zinapita njia ileile ya kiwango cha kawaida. Mtu anaandika drafti, na drafti ina uhai wa miezi 6 ikiisha inabidi aihuishe, watu wanaichanachana, inaandikwa tena, inatangazwa mara ya mwisho kwa IETF nzima ili mwenye neno aseme, afu IESG, kamati ya wasimamizi wa IETF, inaamua, na ukiona umeonewa unaweza kukata rufaa. Tofauti ni kwamba humu wanasheria wanakuwepo, na mainjinia na wanasheria kwenye uzi mmoja wa imeli ni burudani yake. Anayedhani ni kazi ya fasta aangalie tarehe. Kanuni za Februari 2004 zilirekebishwa Machi 2005, mwaka mmoja tu, halafu zile za 2005 zikakaa mpaka 2017. Miaka 12! Sio kwamba zilikuwa nzuri sana, ni kwamba kila neno ukiligusa kuna kampuni inaruka.

Nimesikia waliwahi kujichanganya wenyewe kwenye hakimiliki. Kweli? (Msomaji, Mombasa)

Kweli, na hiki kisa nakipenda kupita vyote.

Patenti ni mambo ya wazo, hakimiliki ni maandishi yenyewe. Desemba 2005 ikaundwa IETF Trust ya kushika hakimiliki na mali nyingine za aina hiyo, na Novemba 2008 ikatoka RFC 5378 ikisema mwandishi anaipa Trust haki pana zaidi, ikiwemo kuruhusu watu wa nje ya IETF kuyabadilisha maandishi. Nia njema, mtu achukue waraka autumie kwingine bila kuhangaika.

Shida ni kwamba RFC haziandikwi upya kutoka sifuri. Ukirekebisha waraka wa zamani unabeba aya za watu walioandika kabla yako, na hao walitoa haki zile za enzi zao, sio hizi mpya. Sasa we mwandishi wa leo unatakiwa uthibitishe kwamba haki zote unazo. Unazitoa wapi? Mmoja kahama kampuni, kampuni yenyewe ishanunuliwa, mwingine marehemu. Jon Postel aliyehariri karibu RFC zote za mwanzo alifariki 1998, utamfuata wapi akusainie? Watu wakagoma kupeleka drafti zao, na wanaogoma ndo walewale wanaofanya kazi.

Februari 2009 Trust ikatoa dawa ya kutuliza, aya moja unayoibandika mwanzoni mwa waraka kusema humu huenda kuna maandishi ya kabla ya tarehe 10 Novemba 2008 ambayo waandishi wake hawakutoa haki hizo, kwa hiyo nje ya IETF usiyabadilishe. Fungua RFC 9110 ya Juni 2022, ile ya HTTP, njia ya kuongea na tovuti ambayo simu yako inaitumia sasa hivi, utaikuta aya hiyo. Plasta ya 2009 bado ipo kwenye kidonda. Vipande vya programu vilivyomo ndani ya RFC vina leseni ya BSD, hivyo chukua utumie, masharti yake ni mepesi.

Mtu akificha patenti yake wanamfanya nini? (Msomaji, Kigoma)

Kwa kanuni zao wenyewe wana RFC 6701 ya 2012, inapanga adhabu kuanzia kuitwa pembeni na kuongea na wewe taratibu, kuvuliwa uhariri wa drafti, kuzuiwa kutuma imeli, mpaka waraka wenyewe kutupwa. Polisi hawana.

Mahakamani ndo kuna mambo. Someni kesi ya kampuni ya Rambus, haikuwa IETF, ilikuwa JEDEC, wale wa viwango vya chipu za memori. Rambus walikaa vikaoni miaka ya mwanzo ya 90, wakatoka 1996, kuanzia 2000 wakaanza kushtaki watengenezaji wa memori kwa patenti zao. Mwaka 2001 baraza la wazee wa mahakama kule Virginia likasema hawa walidanganya, walificha patenti zao. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikageuza, na sababu yake kubwa ni kwamba sera ya JEDEC ilikuwa na mapengo, haikueleza vizuri kitu gani hasa mtu anatakiwa atangaze. Umeona? Umekaa chumba kimoja na mtu miaka kadhaa, unaamini kavunja kanuni, jaji anakwambia kanuni yenyewe haieleweki. Ndo maana 8179 inamaliza kurasa nzima inaeleza maana ya "mchango" tu, unasoma unasinzia, ila kila neno humo kuna mtu aliliogopa.

IETF wanahakikisha kama patenti iliyotangazwa ni halali? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Wanaiweka wazi kila mtu aione, hawasemi ni halali wala sio halali. Hesabu yako fanya mwenyewe.

Mbona kila wakibadilisha namba inakuwa mpya, nitajuaje nasoma ya sasa? (Msomaji, Dodoma)

RFC ikishatoka haiguswi, hata kosa la herufi linabaki, ukitaka kubadilisha unaandika nyingine. Kwa hiyo usikariri namba za RFC, tafuta BCP, ni lebo ya kudumu ya kanuni husika: BCP 79 kwa patenti na BCP 78 kwa hakimiliki, hizo namba hazihami, ndani yake ndo unakuta RFC inayotumika leo. Na ukifungua BCP 79 anza na kipengele cha kwanza cha tafsiri za maneno, usikiruke kama nilivyokiruka mimi nikarudi mara tatu.