Usiweke singa za mkonge ndani ya saruji tupu

Ndugu mleta uzi, ahirisha kununua saruji hiyo. Umeandika kwamba unataka kufyatua vigae vya kuezekea kwa saruji ya kawaida, mchanga na singa za mkonge, kisha ukauliza uwiano wa mchanganyiko, bei ya singa, aina ya meza ya kutetemesha na mahali pa kuuzia. Nalazimika kuanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu kikundi chetu hapa mkoani Tanga kilifyatua vigae vya aina hiyohiyo, kikaviuza, na mwishowe kikavilipia kutoka mfukoni mwake.

Vigae vyenyewe vilipendeza. Vilipofikisha siku 28 tulivibebesha mizigo, na hata kile kilichopata ufa hakikuachana, kwa kuwa singa zilikishika pande zote mbili. Masika ya kwanza yalipita salama. Baada ya misimu kadhaa ya mvua na jua, fundi alipanda juu ya ghala la mteja wetu mmoja, mzee aliyetuamini kabla ya mtu mwingine yeyote, na vigae vikavunjika chini ya goti lake kama sahani. Tuliokota vipande tukakagua mahali palipovunjika. Kigae kizima kikivunjwa, utaona singa ndefu zimechomoka na kuning'inia. Katika vipande vile singa zote zilikuwa zimekatika sawasawa na uso wa saruji, na ukizifikicha zilivunjika vidoleni. Tuliezua ghala lote na kuliezeka upya kwa mabati, kisha tukawafuata wateja wengine mmoja baada ya mwingine, na fedha yote ya kikundi ikaishia hapo.

Sababu yake inajulikana vizuri. Singa moja ya mkonge ni tita la seli nyembamba za selulosi zilizoshikamanishwa kwa gundi ya asili, yaani lignini na hemiselulosi. Maji yaliyomo katika vitundu vya saruji iliyoganda ni alikali kali, pH yake ikizidi 12, nayo huila gundi hiyo taratibu. Wakati huohuo chokaa huru, yaani haidroksaidi ya kalsiamu inayotokea saruji inapoungana na maji, hupenya ndani ya seli na kuganda humo mpaka singa inapoteza ulaini wake wote. Kila mara kigae kinapolowa na kukauka, maji hayo husafirisha alikali mpya hadi kwenye singa, na ndiyo maana paa la pwani yetu huharibika upesi kuliko kigae kilichohifadhiwa ndani ya nyumba. Mtafiti wa Sweden, Hans-Erik Gram, aliyaeleza haya mwaka 1983, akitumia mkonge na saruji.

Kwa hiyo sina msamaha mwepesi kwa mkufunzi aliyetuuzia kalibu na mafunzo. Maarifa hayo yalikuwa yameandikwa miaka mingi kabla hajasimama mbele yetu, na watengenezaji wengi wa vigae vya aina hii duniani walikuwa wameshaacha nyuzi na kuhamia vigae vya zege laini visivyo na nyuzi kabisa. Tulipomuuliza kuhusu uimara, alituambia tuloweke singa katika soda kali ili zishike vizuri. Ushauri huo una maana kwa anayechanganya mkonge na plastiki au rezini, kwa kuwa husafisha uso wa singa. Ndani ya saruji hauzuii chochote, maana singa iliyotibiwa inarudishwa katika alikali ileile na kukaa humo miaka yote. Watu waliochanga akiba zao walistahili kuambiwa ukweli huo kabla ya kulipa ada.

Kanuni yangu ni hii: itibu saruji kabla ya kuitibu singa. Chokaa huru lazima imalizwe na kitu kinachoungana nayo, yaani pozolana, na kiasi kidogo hakitoshi. Watafiti wa Rio de Janeiro walibadilisha karibu nusu ya saruji kwa udongo wa kaolini uliochomwa, na singa za mkonge zikahimili majaribio ya kuloweshwa na kukaushwa. Huko São Paulo, nyumba iliyojengwa mwaka 1989 kwa nyuzi za makumbi ya nazi na saruji ya slagi, yaani taka za tanuri la chuma, ilikaguliwa baada ya miaka 12 na nyuzi zake zikakutwa bado nzima. Kwetu, kilicho karibu ni majivu ya pumba za mpunga, lakini yawe yamechomwa kwa moto usiozidi takribani nyuzi 700 za Selsiasi na kusagwa laini. Majivu ya tanuri la matofali mara nyingi yamepita joto hilo na hayana nguvu ileile. Soma pia aina ya saruji iliyoandikwa kwenye mfuko: CEM II yenye herufi L imeongezewa mawe ya chokaa, ambayo hayali chokaa huru, ilhali CEM IV/B ina pozolana ya asilimia 36 hadi 55.

Ukishafyatua sampuli, usiridhike na kipimo cha siku 28. Lowesha kigae siku nzima, kikaushe kabisa, rudia angalau mara 25, kisha kivunje na utazame kama singa zinachomoka au zinakatika. Unasema unataka bidhaa rafiki kwa mazingira, nami naunga mkono kwa moyo wote. Lakini saruji huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na paa linalobadilishwa baada ya miaka michache limeichoma mara mbili.

Ikiwa singa umeshazinunua, zioshe utomvu, kwa sababu sukari yake huchelewesha saruji kuganda, na uziuze kwa mafundi wa dari za jipsamu. Jipsamu haina ukali wa alikali, dari haipigwi na mvua, na mafundi hao wamezoea kutumia katani katika mikanda yao.