Mdogo wangu, usiongee na mnasihi ukiwa chumbani humo

Mleta mada soma hii kabla ya Jumamosi. Na nyie mliomjibu huko juu kwamba "hedifoni zinatosha" naomba msome pia, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo.

Umesema una miaka 27, mtoto ana miezi minne, mmepanga vyumba viwili Mbagala, wifi yako analala sebuleni, na umepanga kuongea na mnasihi, yule mtu wa ushauri nasaha, kwa vidio Jumamosi saa nne usiku ukiwa ndani ya neti, hedifoni sikioni, sauti ya chini. Nimefika hapo nikaacha mboga jikoni ikaungua. Usifanye hivyo mdogo wangu. Tafuta kwanza mahali pa kuongelea, ndo utafute mtu wa kuongea naye. Usitume hata shilingi mia kabla hujapata mahali.

Mi nilikuwa Tabata, nyumba ya vyumba sita, korido katikati. Mume wangu yuko Geita migodini, anakaa huko wiki sita ndo anarudi. Mtoto wetu wa kwanza kazaliwa Septemba 2023 na baada ya hapo sikuwa mimi tena. Silali hata yeye akilala, chakula hakipiti, nikimuogesha mikono inatetemeka, nikimwangalia hamna kitu ndani, yaani kama nimeachiwa mtoto wa mtu nimshikie mara moja. Nilikuja kujua inaitwa sonona ya baada ya kujifungua na inatibika, na mama kusema "simhisi mtoto wangu" ni dalili kama homa ilivyo dalili ya malaria. Mnasihi akisikia hayo maneno anajua ni ugonjwa. Jirani akiyasikia anajua una roho mbaya.

Shoga yangu wa kazini akanipa namba ya huduma moja ya onlaini. Tangazo lao lilikuwa na mwanamke kajifunika blanketi kashika kikombe, limeandikwa pata ushauri nasaha ukiwa kitandani kwako. Hilo tangazo nalichukia mpaka leo. Waliolitunga hawajawahi kupanga chumba. Kitanda changu kiliegemea ukuta ambao upande wa pili kuna kitanda cha mtu mwingine, na ukuta wenyewe umeishia kwenye dari, juu ya dari pako wazi toka chumba cha kwanza mpaka cha sita, bati moja. Sauti inapanda, inatembea kule juu, inashukia kwa mwenzio. Kila mpangaji wa Dar analijua hili, tunasikiana mpaka kukohoa, na bado nikaamini kanga ya kujifunika kichwani itanisitiri.

Vikao vitatu vya kwanza vilienda vizuri na ndo vilinidanganya. Huyu kawasha TV, yule kafungulia singeli, feni yangu inakoroma, na mi naongea ndani ya kanga naona nimeweza. Cha nne kikaangukia kwenye ule mgao wa Januari 2024, kabla Bwawa la Nyerere halijaanza kutoa umeme. Umeme ukakatika kabla ya saa tatu, mi nina bando na chaji ipo, sikuona sababu ya kuahirisha. Nyumba nzima ikawa kimya. Hamna feni, hamna TV, watu wamelala macho wazi na joto. Na kuna kitu hakuna aliyenitajia: ukiziba masikio yote mawili kwa hedifoni hujisikii vizuri unavyoongea, kwa hiyo ni rahisi kupaza sauti bila kujua. Hedifoni inaficha maneno ya mnasihi tu. Ya kwako yote yanatoka.

Na siku hiyo ndo nilikuwa nimefunguka. Nilisema kuna asubuhi nilimlaza mtoto kitandani nikaenda kukaa chooni dakika ishirini namsikia analia, nikawaza nipande daladala niende tu, nisirudi. Sikuwahi kumwambia mtu. Mnasihi alinisikiliza na alinijibu vizuri, sitamnyima haki yake hapo, na usiku ule nililala kuliko usiku wowote tangu nijifungue.

Jirani wa chumba cha tatu, tuliyekuwa tunaazimana mpaka jiko, hakuja kuniuliza. Ni mtu wa Singida kama mume wangu, akapiga simu kwao. Jumapili mama mkwe akashuka stendi ya Magufuli na begi moja. Hakufoka. Alipika uji, akamuogesha mtoto, akaanua nguo zake kwenye kamba akazikunja moja moja mpaka soksi, akaniambia mwanangu we pumzika. Nikampigia mume wangu, akasema mama anajua anachofanya. Nilikuwa na maziwa yamejaa kifuani basi linaondoka na mtoto.

Miezi saba. Jino lake la kwanza nimeliona kwenye picha ya wasapu. Aliporudi mwisho wa Agosti anatembea kwa kushika ukuta, nikamnyanyua akalia akanyoosha mikono kwa bibi yake.

Mama mkwe simlaumu sana, yeye aliambiwa mjukuu anataka kutupwa, na mama gani angekaa Singida kasikia hivyo. Jirani namlaumu. Lakini ninayemlaumu kuliko wote ni yule mnasihi, maana yeye ndo mwenye kazi yake. Vikao vinne, hakuwahi kuniuliza uko wapi, uko na nani, kuna anayekusikia? Ananiona kwenye vidio niko gizani nimejifunika kanga nanong'ona, hakujiuliza kwa nini mtu mzima anajificha! Ile ndo ingekuwa sentensi yake ya kwanza kabla ya habari za leo.

Baada ya hapo nilikaa karibu miezi sita siongei na mtu yeyote, nilikuwa naogopa hata kusali kwa sauti. Julai nikaanza upya na mnasihi mwingine, na huyu kila kikao anaanza hivi: Uko wapi sasa hivi? Uko peke yako? Mtandao ukikatika nani anampigia mwenzake? Likitokea la dharura nimpigie nani aliye karibu na wewe? Tukapanga na neno letu, nikisema "sukari imeisha" ajue kuna mtu kaingia, abadilishe mazungumzo tuongelee mambo ya duka. Nimelitumia mara mbili. Siku ya kwanza aliponiuliza uko peke yako nililia hata hatujaanza. Kwa hiyo we Jumamosi usipoulizwa hayo, muulize wewe mbona hujaniuliza, na akikuona msumbufu achana naye.

Umeandika mistari sita kuhusu wadukuzi na data zako kuvuja. Sisemi unajitisha bure. Finland mwaka 2020 watu waliotibiwa kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo walitumiwa barua pepe za vitisho, walipe la sivyo maelezo ya vikao vyao yatamwagwa mtandaoni. Marekani 2023 tume yao ya biashara, FTC, iliiagiza BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha wa mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kuwapelekea Facebook, Snapchat na wenzao taarifa za wateja kwa ajili ya matangazo. Hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mnasihi mwenyewe anabanwa na maadili ya kazi yake atunze siri, akiitoa una pa kumpeleka. Sasa aliyekusikia kupitia darini utampeleka wapi? Mistari sita ya wadukuzi, na wifi yako aliye nyuma ya pazia umempa nusu mstari.

Mahali panapatikana ukiomba. Mi niliomba Noah ya mjomba wangu ikiwa imepaki, mchana saa nane, vioo juu. Joto la Dar unalijua, nilikuwa naingia na taulo na chupa ya maji, dakika hamsini natoka nimelowa kama nimetoka baharini, na ndo mahali nilipopona. Kabla ya hapo nilijaribu stoo ya dada mmoja anauza vifaa vya shule, tatizo wateja wake. Wengine wanatumia ofisini watu wakishatoka. Ufukweni usijisumbue, upepo unaingia kwenye simu mnasihi hasikii kitu. Mtoto mwachie mtu lisaa limoja, sema unaenda kusuka, na kikao kihamishie mchana. Kama kabisa kabisa huna pa kwenda, mwambie mnasihi ukweli huo siku ya kwanza, kuna mambo ya juujuu mnaweza kuanza nayo mkiwa mnatafuta mahali, lile zito liweke mpaka upate mlango unaofunga.

Ila kama yakikujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto usingoje Jumamosi wala Noah ya mtu, nenda hospitali usiku huo huo, anzia hapo Temeke, na Muhimbili wana madaktari wa afya ya akili. Huko hata ukisikika hakuna wa kukushangaa, wanawaona akina mama kama sisi kila wiki.

Na kama bado unaona nakuza mambo, kesho fanya hivi. Chukua simu, jirekodi unaongea kwa sauti ile ile uliyopanga kuongea nayo, iweke juu ya mto wako ianze kucheza, toka ufunge mlango, kasimame kwa wifi yako halafu kasimame koridoni kwenye mlango wa jirani. Usikilize. Na kabla hujatoka, zima feni.