Wimbo wa Bob Marley ambao si wa Bob Marley

Swali lenu la wiki linataka tutaje wimbo tunaoupenda wa mwanamuziki aliyevuma kwa wimbo mmoja tu. Wangu ni "Don't Worry, Be Happy" wa Bobby McFerrin. Naomba nafasi ya kujieleza, maana hapa Kigoma siwezi kuutaja wimbo huu bila kuanzisha ubishi.

Nina kibanda mtaa wa Mwanga, karibu na soko, nawawekea watu nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Wateja wangu wazuri ni wavuvi wa dagaa wa mialo ya Kibirizi na Katonga, na hawa huja siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa za kuvulia hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanapanda mjini kujaza kadi. Giza likirudi, muziki ndio unaowaweka macho huko ziwani wakisubiri dagaa wapande kwenye mwanga.

Mvuvi hana habari na majina ya nyimbo. Anakuimbia kipande, asipojua maneno anapiga mluzi, kazi ya kutafuta ni yako. Na mluzi ninaopigiwa kuliko yote ni ule wa McFerrin. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Niwekee ule wa Marley."

"Ule si wa Marley, kaka."

"Wa nani?"

"Bobby McFerrin."

"Huyo simjui. Wewe niwekee wa Marley."

Namgeuzia kompyuta aone jina kwenye faili. Ananitazama kana kwamba nimempimia dagaa wa Mwanza nikamwambia ni wa Kigoma.

Sasa hesabu ni nyepesi. Bob Marley alifariki Mei 1981. Wimbo huu ulitoka 1988, na mwaka huohuo ukashika namba moja kwenye chati ya Billboard ya Marekani, wa kwanza kufika hapo ukiwa hauna ala hata moja. Mwaka uliofuata ukachukua tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa mwaka na ya rekodi bora ya mwaka. Lakini mpenzi wa Marley humshindi kwa tarehe. Wimbo wenyewe unasaidia kuchanganya watu: McFerrin, ambaye ni Mmarekani, anaimba kwa lafudhi ya Kijamaika ya kuigiza, na Marley naye ana wimbo wake wa 1977, "Three Little Birds", wenye ujumbe huohuo wa kutokuwa na wasiwasi. Baadaye mafaili yakaanza kusambaa kwenye intaneti yakiwa na jina la Marley, na huko ndiko mwenye mali alikopotelea kabisa.

Mteja akinikazania sana namwambia sawa, tusikilize. Naweka kwenye sabufa, namwambia anitafutie gita. Anainamisha sikio. Anasema hilo hapo, lile linalotembea chini. Namwambia hiyo ni koo ya mtu. Nitafutie ngoma. Anatafuta, hakuna. Mluzi, besi, vile vitu vinavyojibizana nyuma ya mwimbaji, vyote ni McFerrin mwenyewe, amejirekodi sauti juu ya sauti. Hapo kibanda hunyamaza kidogo. Kijana mmoja wa Katonga aliniomba nirudie mwanzo mara kadhaa, akaondoka akijaribu kutoa besi kwa kifua, akikohoa.

Na maneno yake watu wangeyaelewa kama yangekuwa ya Kiswahili: jamaa hana pa kulaza kichwa, kitanda chake kimechukuliwa, kodi imechelewa na mwenye nyumba anatishia kwenda mahakamani. Hiyo ni Mwanga tupu, tarehe za mwisho wa mwezi. Kauli ya kichwa cha wimbo ilikuwa ya Meher Baba, mwalimu wa kiroho wa India, na McFerrin aliikuta kwenye bango nyumbani kwa wanamuziki wenzake kule San Francisco.

Ila neno lenu "alivuma mara moja" linanipa taabu kidogo, kwa sababu watu hulisema kwa sauti ya kuhurumia. McFerrin wa kuhurumiwa? Baba yake, Robert McFerrin, mwaka 1955 alikuwa mwanamume wa kwanza mweusi kuimba kwenye jukwaa la Metropolitan Opera ya New York. Mwana alikuwa mwimbaji wa jazi anayeheshimika kabla ya wimbo huu, na baada yake akaendelea na jazi na kuongoza okestra. Sisi ndio tuliosikia mara moja.

Los del Río vilevile. Wale wazee wawili wa "Macarena" walikuwa wakiimba pamoja tangu miaka ya 1960 huko kusini mwa Hispania, na walipokaa namba moja Marekani kwa wiki 14 mwaka 1996 walikuwa wanakaribia umri wa miaka 50. Huo sina haja ya kuusifu, harusi zinausifia. Kinachonichekesha ni kuwaona mama zetu wamevaa sare za vitenge kwenye sendofu, wanageuka wote pamoja mikono viunoni, na wimbo unamsimulia msichana anayejirusha na rafiki wawili wa mchumba wake siku jamaa anaingizwa jeshini. Bwana harusi anapiga makofi.

Kama si McFerrin, ningewapa "Lambada" ya kundi la Kaoma, 1989. Nani alikuwa na masikio miaka ile na hakuisikia? Kinanda kile kikianza, hata anayekaanga mihogo anaacha mwiko. Lakini wimbo wenyewe ni wa huzuni, wa mtu aliyeondoka akilia, na historia yake ina huzuni zaidi. Muziki ule ni wa Los Kjarkas, kundi la Bolivia, waliourekodi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa filimbi za milimani na mwendo wa polepole. Kaoma walikuwa wametengenezwa Ufaransa, wakautoa bila kuwataja wenyewe, hadi ndugu wawili, Ulises na Gonzalo Hermosa, walipodai haki yao na kulipwa. Mimi ninayekula kwa kunakili nyimbo za watu sina mdomo wa kuwasema Wafaransa wale, basi niishie hapo. Mwimbaji wake, Loalwa Braz, Mbrazili mwenye sauti iliyochezesha nusu ya dunia, aliuawa na wezi nchini kwao Januari 2017. Siku ile niliupiga kutwa. Wapita njia walidhani nina sherehe.

Lou Bega na "Mambo No. 5" ya 1999 namtaja kwa ajili ya ujirani tu: alizaliwa Ujerumani, lakini baba yake ni Mganda. Muziki aliutoa kwa Pérez Prado, Mcuba, aliyeurekodi mwaka 1949.

Jirani yangu fundi simu ananisukuma nimweke na Mory Kanté wa "Yéké Yéké". Nakataa, na nimekataa mbele ya mashahidi. Kweli Ulaya ilimjua kwa wimbo ule wa 1987, na ulikuwa wa kwanza wa Afrika kuuza nakala zaidi ya milioni moja. Lakini yule mtu wa Guinea alikuwa mpiga kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, kutoka ukoo wa wasimulizi, na miaka ya 1970 aliimba kwenye Rail Band ya Bamako, Mali, bendi iliyokuwa ikipiga kwenye hoteli ya stesheni, akiwa pamoja na Salif Keita. Sisi wa Kigoma, mwisho wa reli, tukimwita huyu mtu wa wimbo mmoja tutakuwa tumejitukana wenyewe. Mungu amrehemu, alitutoka Mei 2020.

Wa nyumbani je? Hapa nitachokoza. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, akina Diamond, Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz na wengine, walikusanyika wakajiita Kigoma All Stars, wakatoa "Leka Dutigite", wenye maneno ya Kiha, lugha yetu ya hapa. Kila mmoja wao ana nyimbo zake, wengine nyingi kupita kiasi. Lakini kundi kama kundi? Huo ndio wimbo wao. Msimu ule daladala za Ujiji zilikuwa hazina mwingine, na wazee waliokuwa wakiita bongo fleva kelele za watoto walikuwa wakiimba kiitikio kwa sauti kubwa kuliko kondakta. Mpaka leo mtu anayesafiri kwenda Dar au Mwanza kutafuta maisha hupita kibandani kuuchukua kabla ya kupanda basi. Wa pili wa Kigoma All Stars hakuna mteja aliyewahi kuniulizia.

Huo sikuupa nafasi ya kwanza kwa sababu moja tu: hauhitaji wakili. Kila mtu hapa anajua ni wa nani.