Staili za InDesign: kwa nini sura za zamani hazifuati maktaba

Mkuu, umeuliza kwa nini mmebadili rangi ya vichwa kwenye maktaba ya pamoja ya Creative Cloud (hifadhi ya mtandaoni ya Adobe, wenye InDesign, programu ya kupanga kurasa) na sura mlizokwisha kupanga zimebaki na rangi ya zamani, na kama bando la ofisi ndilo linalochelewesha. Bando msilisingizie. Hata mkivutiwa Mkongo wa Taifa, ule mtandao mkuu wa intaneti, hadi mezani, hazitabadilika.

Nembo au picha ukiitoa kwenye maktaba ile, inabaki imeunganishwa nayo. Ikibadilishwa huko, paneli ya viungo inakuonyesha alama, unasasisha, kazi imekwisha. Staili za aya na za herufi (mwonekano wa maandishi uliohifadhiwa kwa jina) na rangi hazina kamba hiyo. Ukizibofya, nakala inaingia kwenye faili lako na undugu unaishia hapo. Ni kama kitenge ulichokwisha kukatiwa dukani: mwenye duka akileta mzigo mpya, gauni lako halibadiliki. Wanaotoka Figma, programu ya kusanifu kurasa za skrini, ndio hukwama zaidi hapa, maana kule maktaba ikichapishwa upya, mafaili mengine yanapata taarifa na wewe unakubali mabadiliko.

Kwa ripoti ya sura nyingi, dawa ni faili la kitabu, yaani faili la InDesign linalokusanya mafaili ya sura zote pamoja. Hapa Dodoma, Bunge la bajeti likianza Aprili hakuna wa kumwonea huruma mwenzake: ripoti moja inagawanywa kwa watu watatu au wanne, na mteja wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, anataka yote yafanane. Tunaunda kitabu, tunaingiza sura zote, halafu faili la kurasa za mwanzo (dibaji, yaliyomo, vifupisho) ndilo tunalolifanya chanzo cha staili. Unabofya kile kisanduku kidogo kushoto kwa jina lake kwenye paneli ya kitabu. Ukisinki (kuagiza sura zote zifuate chanzo), staili yenye jina lile lile inafutwa na ya chanzo inakaa mahali pake, isiyokuwepo inaongezwa, ya ziada iliyomo kwenye sura haiguswi.

Hilo la mwisho ndilo linalozaa uchafu. InDesign inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo "Kichwa cha 1" na "kichwa cha 1" ni staili mbili. Mwenzako akiandika kivyake, sura yake itakuwa na zote mbili, na maandishi yatabaki yameshikilia ile isiyo sahihi. Pia angalia alama ya jumlisha mwishoni mwa jina la staili: maana yake kuna mtu amebadilisha kitu kwa mkono, na hapo kusinki hakutakusaidia. Chagua maandishi, shika Alt, bofya jina la staili.

Wateja wetu wote wanaleta Word. Staili zilizoingia nazo utazitambua kwa kialama cha diski pembeni ya jina. Usiziache zikaoteana, wakati wa kuingiza faili la Word, fungua machaguo na uelekeze kila staili yake kwenye ya kwenu. Inachosha, lakini inachosha mara moja tu.

Sasa rangi yako. Nina hakika mnaiacha na jina la vipimo vyake vya wino, C kadhaa, M kadhaa. Ukibadili vipimo, jina nalo linabadilika, kwa hiyo kwenye kusinki inahesabika kuwa rangi mpya, na mistari ya majedwali iliyopakwa ile ya zamani haibanduki. Ondoa tiki ya kuita rangi kwa vipimo, iite "Rangi ya Kichwa". Mteja akihama kutoka bluu kwenda kijani (na atahama, siku ya kwenda kiwanda cha uchapaji), unaibadili kwenye chanzo na kusinki.

Kwenye staili ya msingi ambayo nyingine zote zinairithi, zima ukataji wa maneno mwisho wa mstari. Lugha ikibaki Kiingereza utakuta "wan-anchi" kwenye hotuba ya mtu mzima.

Kabla ya kusinki, nakili folda nzima. Sura zilizofungwa InDesign inazifungua, inazibadili, inazihifadhi na kuzifunga yenyewe. Hapo hakuna kutengua. Kwenye machaguo tia tiki staili na rangi peke yake. Kurasa kuu (violezo vya mpangilio wa kurasa) ziache, hasa kama kuna sura yenye majedwali ya kulala, la sivyo kazi ya mwenzako itapotea.

Mtu mmoja ashike chanzo. Anayehitaji staili mpya amwombe yeye, asijitungie. Kwetu kijana anayeshika ndiye mdogo kuliko wote ofisini, na hata bosi anamwomba.

Maktaba ya Creative Cloud msiifute, wekeni humo nembo na picha. Na kama mashine zenu zina matoleo tofauti ya InDesign, hilo lianzeni: faili likihifadhiwa kwenye toleo jipya, la zamani huenda lisilifungue moja kwa moja, na njia ya uhakika ni kulitoa kama IDML, umbo la faili linalosomeka na matoleo ya zamani. Taja matoleo mnayotumia tukuambie toleo lipi libaki.